Ubao Usio na Herufi

Mazigo alishuka na kivuko cha asubuhi kutoka Nansio,
nanga ya shangazi yake imefungwa kitengeni kama mtoto,
akapanda mawe ya Mabatini akiuliza mlango kwa mlango:
"Yuko wapi Nyanzobe anayeandika vibao?"

Nikadhani anataka FUNDI INJINI ZA MITUMBWI, BEI POA.
"Hapana. Nanga hii inauzwa Ijumaa.
Deni la hospitali halijui urithi. Nichoree."
Nikashika penseli nipime urefu wa gogo lake.
"Si gogo," akasema. "Chora linachosema."

Miaka kumi na tisa nimeandika BUCHA, SALUNI, DAWA BARIDI,
sijaombwa hata siku moja
kuchora kitu kisicho na mlango wa kuingilia.

Akakalia ndoo ya plasta, akapiga.

Nilikuwa na mabaki tu:
nyekundu ya bucha, njano ya kituo cha mafuta,
kijani ya duka la dawa, imeota ngozi kama uji uliopoa.
Uzi mnene ukaunguruma, nikaupa rangi ya jiwe,
si jiwe la mchana, jiwe baada ya mvua,
linapovuja weusi na kenge hajarudi kuliota jua.
Uzi mwembamba ulikuwa dagaa waliotandazwa Igombe,
lakini dagaa sikuwachora;
nilidonoa kwa ncha ya brashi, nikadonoa, nikadonoa
hadi ubao ukawasha macho.
Nyuzi nane, mistari minane,
imenyooka kama daftari la mtoto mwoga.

Mazigo akainamisha sikio kwenye picha
kama anavyosikiliza injini inayokataa kuwaka.
"Umezihesabu," akasema.
"Njoo uone huku pembeni."
Kumbe ni uzi mmoja!
Unakwenda, unalizunguka jino la mti, unarudi,
unalizunguka la pili, unakwenda tena,
utumbo mmoja wa ng'ombe mmoja
umejigawa sauti nane bila kukatika.

Nikaukwangua ubao kwa wembe, sikusema neno.

Akapiga upya. Safari hii brashi haikunyanyuka.
Rangi ikipungua, mwanangu Milembe aliitonesha kwa kijiko
pale pale mkono unapopita, rangi yoyote, bila kuuliza,
nyekundu ikaingia ndani ya kijivu ikipiga kelele,
njano ikafika imechoka,
na kwenye kila kona ya kurudi
mstari ulivimba kidogo, kama goti.

Jasho likanitoka. Akamaliza kabla yangu;
mkono ukaendelea peke yake karibu shubiri moja.

Akatazama kwa muda mrefu. Kidole chake,
chenye grisi isiyotoka kwa sabuni, kikafuata uzi,
kikaenda, kikarudi, kikasimama.
"Na doa hili la kahawia? Hili sikulipiga."
"Ulikohoa."
"Sikukohoa."
"Ulikohoa, kaka. Mara tatu, pale pale. Hesabu madoa."

Akahesabu.
Chini bandarini kivuko kikapiga honi, hakugeuka.

"Shangazi," akasema, "alikuwa akifika hapo,
penye jina la mumewe aliyezama,
anakohoa, kisha anaendelea.
Nilikuwa na miaka saba. Nilijifunza wimbo wote
na kikohozi ndani yake,
nikidhani nacho kina uzi wake."

Aliondoka na ubao ungali mbichi,
ameukumbatia kwa mbali, mikono imenyooka.
Nanga iliuzwa Ijumaa hiyo, nilisikia, kwa mtu wa Musoma.
Elfu kumi na tano yangu bado sijaiona.

Jana nimeandika BUCHA YA LUSHINGE, herufi za futi moja,
nyekundu ile ile, kopo lile lile.
Nilipofika kwenye U
brashi ikashuka, ikazunguka, ikapanda,
nikakohoa.
Lushinge akaniuliza kama ni vumbi.